UCHAMBUZI: Ukaguzi wa miamala ya sarafu mtandao unagharimu kiasi gani, na unamlinda nani?

Na Mwandishi Wetu, Morogoro

Kihonda ni miongoni mwa maeneo ya Manispaa ya Morogoro yanayokua kwa kasi. Likiwa kando ya barabara iendayo Dodoma, na milima ya Uluguru ikionekana upande wa pili wa mji, eneo hilo lina viwanda, vyuo, maduka na nyumba nyingi za kupangisha. Tangu safari za treni ya kisasa ya SGR kati ya Dar es Salaam na Morogoro zilipoanza tarehe 14 Juni, 2024, mwendo wa watu na bidhaa umeongezeka, na mawakala wa fedha kwa njia ya simu wamekuwa sehemu ya kawaida ya maisha ya kila siku.

Katika mazingira kama hayo, biashara ya sarafu mtandao haihitaji ofisi wala kibao mlangoni. Inahitaji simu janja, laini iliyosajiliwa kwa huduma za fedha na mtu wa upande wa pili. Mnunuzi hutuma shilingi kwa simu, na muuzaji huhamisha sarafu hizo, aghalabu zile zinazofungamanishwa na thamani ya dola ya Marekani, kwenda kwenye pochi ya kidijitali ya mnunuzi. Wanaovutiwa ni pamoja na vijana wanaofanya kazi kwa wateja wa nje kupitia mtandao, wafanyabiashara wadogo wanaoagiza bidhaa kutoka China, na watu wanaoamini kwamba wamepata mahali pa kuwekeza akiba yao.

Pamoja na biashara hiyo imekuja bidhaa nyingine: huduma za kukagua hatari ya muamala. Mtu huingiza anwani ya pochi, hulipa ada, na baada ya sekunde chache hupewa alama inayoonesha kama fedha zinazohusiana na anwani hiyo zina doa la uhalifu. Huduma hizo hutangazwa kama kinga. Swali linalomhusu mwananchi ni la hesabu na la sheria kwa pamoja: kinga hiyo inagharimu kiasi gani, inazuia hasara ipi, na hasara ipi inapita pembeni yake bila kuguswa?

Msimamo wa sheria hauondolewi na alama

Kabla ya kulinganisha bei, ni muhimu kuelewa uwanja ambao bidhaa hiyo inauzwa. Mwezi Novemba 2019 Benki Kuu ya Tanzania (BoT) ilitoa tangazo kwa umma ikieleza kwamba fedha halali kwa malipo nchini ni shilingi ya Tanzania, na kwamba biashara, utangazaji na matumizi ya sarafu mtandao ni kinyume na kanuni za fedha za kigeni. Mwezi Juni 2021, Rais Samia Suluhu Hassan, akizungumza jijini Mwanza, aliitaka Benki Kuu kuanza kujiandaa na mabadiliko hayo ya teknolojia ili nchi isishtukizwe. Mwezi Januari 2023 Benki Kuu ilieleza kuwa utafiti kuhusu sarafu ya kidijitali ya Benki Kuu yenyewe unaendelea kwa hatua na kwa tahadhari. Sarafu hiyo ni jambo tofauti kabisa na sarafu mtandao zinazotolewa na watu au kampuni binafsi.

Sheria ya Fedha ya mwaka 2024 iliweka kodi ya zuio ya asilimia 3 katika malipo yanayotokana na kuhamisha au kubadilisha mali za kidijitali, kuanzia tarehe 1 Julai, 2024. Baadhi ya watu waliitafsiri hatua hiyo kuwa ni ruhusa. Tafsiri hiyo si sahihi. Kutoza kodi kipato ni jambo moja, kutoa leseni ya biashara ni jambo jingine, na kuifanya sarafu kuwa fedha halali ya malipo ni jambo la tatu. Sheria hiyo ilishughulikia la kwanza tu. Aidha, kanuni zilizotangazwa mwezi Machi 2025 zilipiga marufuku kupanga bei na kulipia bidhaa au huduma za ndani ya nchi kwa fedha za kigeni, jambo linalothibitisha kwamba Serikali inailinda nafasi ya shilingi katika soko la ndani.

Kwa hiyo, ripoti ya ukaguzi yenye rangi ya kijani haiwezi kuhalalisha kilichokatazwa. Kampuni inayouza ripoti hiyo haina mamlaka ya kutoa kibali Tanzania, na mara nyingi haina hata ofisi nchini. Inauza taarifa, na taarifa hiyo ina matumizi yake, lakini haina nguvu ya leseni.

Jinsi ukaguzi unavyofanyika

Msingi wa huduma hizi ni sifa moja ya sarafu mtandao ambayo watu wengi huielewa kinyume. Inasemwa mara kwa mara kwamba miamala yake ni ya siri. Ukweli ni kwamba katika sarafu kubwa kama Bitcoin, iliyoanza kufanya kazi mwezi Januari 2009, kila muamala huandikwa katika daftari la pamoja linalosomeka na kila mtu duniani, na maandishi hayo hayafutwi. Kinachofichika ni jina la mwenye anwani. Anwani yenyewe, kiasi kilichohamishwa, tarehe na njia iliyopitiwa vyote viko wazi.

Kampuni za uchambuzi, zikiwemo Elliptic iliyoanzishwa London mwaka 2013, Chainalysis ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 2014 na TRM Labs iliyoanzishwa mwaka 2018, hufanya kazi mbili. Ya kwanza ni kukusanya anwani zinazoonekana kumilikiwa na mtu au taasisi moja na kuziweka katika fungu moja. Kwa mfano, anwani kadhaa zinapotumika pamoja kulipia muamala mmoja, ni dalili kwamba funguo zake ziko mikononi mwa mmiliki mmoja. Ya pili ni kuyapa mafungu hayo majina: hili ni soko la kubadilishia sarafu, hili ni genge la wizi wa mtandaoni, hii ni huduma ya kuchanganya sarafu ili kupoteza nyayo, hii ni anwani iliyowekewa vikwazo vya kimataifa.

Mteja anapoleta anwani, programu hupima ni sehemu gani ya fedha zilizopita hapo inatoka katika kila fungu, kisha hutoa alama. Anwani ambayo karibu fedha zake zote zimetoka katika soko linalotambua wateja wake hupata alama ya hatari ndogo. Ile ambayo sehemu kubwa imetoka katika wizi au katika huduma ya kuchanganya sarafu hupata alama ya hatari kubwa.

Mbinu hiyo imethibitisha thamani yake katika mikono ya vyombo vya dola. Mwezi Mei 2021 kampuni ya bomba la mafuta ya Colonial Pipeline nchini Marekani ililipa fidia ya takribani Bitcoin 75 kwa wahalifu wa mtandaoni. Mwezi mmoja baadaye, mamlaka za nchi hiyo zilitangaza kurejesha Bitcoin 63.7 baada ya kufuata nyayo katika daftari la wazi. Mwezi Februari 2022, mamlaka hizo hizo zilitangaza kukamata zaidi ya Bitcoin 94,000 zilizohusishwa na wizi uliofanyika mwaka 2016 katika soko la Bitfinex. Miaka karibu sita ilikuwa imepita, na daftari lilikuwa bado linasomeka.

Ngazi tatu za bei

Huduma zilizopo zinaweza kugawanywa katika ngazi tatu.

Ngazi ya kwanza haina malipo. Humo zimo tovuti za kusoma daftari la miamala, ambako mtu yeyote anaweza kuona umri wa anwani, idadi ya miamala na kiasi kilichopita. Humo pia yamo majina ya vikwazo yanayochapishwa na Wizara ya Fedha ya Marekani, ambayo tangu mwezi Novemba 2018 yamekuwa yakijumuisha anwani za sarafu mtandao, pamoja na kumbukumbu za wazi ambako waathirika wa utapeli huandikisha anwani walizotumia matapeli. Gharama yake ni muda, kifurushi cha intaneti na uwezo wa kusoma Kiingereza.

Ngazi ya pili ni ukaguzi wa rejareja, unaouzwa kwa muamala mmoja mmoja au kwa vifurushi. Ada zake huhesabiwa kwa dola, na hupungua kwa kila ukaguzi kadiri kifurushi kinavyokuwa kikubwa. Hii ndiyo bidhaa inayomlenga mtu binafsi na muuzaji mdogo.

Ngazi ya tatu ni mikataba ya mwaka kwa benki, masoko ya kubadilishia sarafu na vyombo vya uchunguzi. Kampuni kubwa kwa kawaida hazitangazi bei ya mikataba hiyo. Hutegemea wingi wa miamala, idadi ya watumiaji na mafunzo yanayoambatana nayo. Kinachonunuliwa hapo ni zaidi ya alama. Ni ufuatiliaji wa kudumu, uwezo wa kuchora njia yote ya fedha, kumbukumbu za kuwasilisha kwa mdhibiti na mtaalamu wa kuzieleza mahakamani.

Tofauti kati ya ngazi hizo ni kubwa, lakini si sahihi kudhani kwamba ngazi ya juu ni ile ile ya chini iliyoongezewa usahihi. Kila ngazi inajibu swali tofauti. Mwananchi anayenunua ukaguzi wa rejareja hupata picha ya dakika moja. Taasisi yenye mkataba hupata onyo hata kama anwani iliyoonekana safi leo itagundulika kuwa chafu baada ya miezi mitatu.

Hesabu ya muuzaji mdogo

Mfano wa hesabu unaweza kuonesha ni lini ada hiyo ina faida. Takwimu zinazofuata ni za kufikirika, zimewekwa ili kuonesha njia ya kukokotoa tu. Ichukuliwe kwamba dola moja ni shilingi 2,500 na ukaguzi mmoja unagharimu dola 2, yaani shilingi 5,000. Ichukuliwe pia kwamba katika kila miamala 100, mmoja una fedha chafu zinazoweza kusababisha pochi kuzuiwa na mpokeaji kupoteza kiasi chote, na kwamba ukaguzi hugundua 7 kati ya kila miamala 10 ya aina hiyo.

Kwa muamala wa shilingi 500,000, wastani wa hasara inayotarajiwa ni asilimia 1, yaani shilingi 5,000. Ukaguzi unaokoa asilimia 70 ya kiasi hicho, yaani shilingi 3,500. Mtu huyo amelipa shilingi 5,000 ili kuokoa shilingi 3,500. Kwa muamala wa shilingi 5,000,000, hasara inayotarajiwa ni shilingi 50,000 na ukaguzi unaokoa shilingi 35,000 kwa ada ile ile ya shilingi 5,000. Hapo ada inajilipa mara saba. Kwa takwimu hizo, mpaka kati ya hasara na faida unaangukia karibu na shilingi 714,000.

Somo linalotokana na hesabu hiyo haliko katika namba yenyewe, kwa kuwa namba itabadilika na kila kadirio. Somo ni kwamba ada isiyobadilika humwelemea zaidi mwenye muamala mdogo. Katika muamala wa shilingi 50,000, shilingi 5,000 ni sehemu ya kumi ya fedha yote. Hakuna mfanyabiashara wa mboga kutoka milimani Uluguru ambaye angekubali ushuru wa namna hiyo kwa kila tenga, na hakuna sababu ya mtu kuukubali kwa kuwa tu umeandikwa kwa lugha ya teknolojia.

Hasara ambayo ukaguzi hauioni

Jambo zito zaidi ni kwamba hesabu hiyo imejengwa juu ya aina moja ya hasara: fedha zenye historia chafu. Mtu anayebadilishana sarafu mtandao mtaani hukabiliwa na hasara nyingine ambazo programu ya ukaguzi haizigusi kabisa.

Ujumbe bandia wa malipo ni mmoja wa mifano hiyo. Muuzaji huoneshwa ujumbe unaofanana na wa kampuni ya simu, huamini kwamba shilingi zimeingia, na huhamisha sarafu. Muamala wa sarafu mtandao ukishathibitishwa haurudishwi, na hakuna dawati la huduma kwa wateja linaloweza kuuzuia. Anwani ya mnunuzi inaweza kuwa safi kabisa, kwa sababu imefunguliwa asubuhi hiyo. Kinachoitwa hatari ndogo katika ripoti ni kukosekana kwa historia mbaya, na anwani mpya haina historia yoyote. Tapeli anayebadilisha anwani kwa kila anayemwibia atapata alama nzuri kila siku.

Vivyo hivyo kwa miradi inayoahidi faida kubwa ya kila wiki. Tanzania inalo somo lake la mwaka 2009, Serikali ilipozuia shughuli za DECI, mpango wa kupanda na kuvuna fedha uliokuwa umewavuta maelfu ya wananchi, na viongozi wake wakafikishwa mahakamani kwa kuendesha upatu kinyume cha sheria. Wakati huo hapakuwa na sarafu mtandao mtaani, na fedha zilibebwa mkononi. Fedha za wanachama hazikuwa na doa la uhalifu zilipoingia. Zilikuwa mishahara, mavuno na mitaji ya vibanda. Kasoro ilikuwa katika ahadi yenyewe. Mradi wa namna hiyo ukirudi leo kwa sura ya sarafu mtandao, ukaguzi wa anwani unaweza kutoa alama ya kijani hadi siku unapoanguka, kwa sababu fedha za waliotapeliwa ni safi mpaka pale zinapoibwa.

Kwa aina hizi za hasara, kiwango cha ugunduzi katika hesabu iliyotangulia si asilimia 70. Ni sifuri au karibu na sifuri, na ada yote inakuwa imepotea.

Ipo pia hatari inayoletwa na ukaguzi wenyewe. Matapeli wamekuwa wakitengeneza tovuti zinazojifanya kuwa za ukaguzi, ambazo humtaka mtu aunganishe pochi yake au aandike maneno yake ya siri ili “asafishiwe” anwani. Anayefanya hivyo hupoteza kila kilichomo. Ukaguzi halisi huhitaji anwani pekee, ambayo ni taarifa ya wazi. Huduma yoyote inayoomba zaidi ya hapo ni mtego.

Alama zinabishaniwa na zinabadilika

Hata pale ambapo ukaguzi unajibu swali sahihi, jibu lake ni maoni ya kampuni, yaliyojengwa juu ya kumbukumbu ilizokusanya na kanuni ilizojiwekea. Kampuni mbili zinaweza kuipa anwani moja alama mbili tofauti. Moja inaweza kuwa na taarifa za wizi uliotokea Asia ambazo nyingine haijazipata, au moja ikahesabu hatari hadi hatua tano nyuma na nyingine ikaishia hatua mbili.

Suala la usahihi limefika mahakamani. Katika kesi ya huduma ya kuchanganya sarafu ya Bitcoin Fog iliyosikilizwa Washington, upande wa utetezi ulihoji ushahidi wa programu ya uchambuzi na ukataka kujua kiwango chake cha makosa. Mahakama iliupokea ushahidi huo na mshtakiwa akatiwa hatiani mwezi Machi 2024, lakini hoja hiyo iliweka wazi kwamba anayetegemea alama anapaswa kuweza kueleza ilivyopatikana.

Orodha za vikwazo nazo hubadilika. Huduma ya Tornado Cash iliwekwa katika orodha ya vikwazo ya Marekani mwezi Agosti 2022, kisha ikaondolewa mwezi Machi 2025 baada ya mahakama ya rufaa kutoa uamuzi dhidi ya hatua hiyo. Anwani iliyopata alama nyekundu kwa sababu hiyo mwaka 2023 inaweza kupata alama nyingine leo. Kwa mtu aliyekataa muamala au aliyezuiliwa pochi yake, tofauti hiyo si ya kinadharia.

Upo pia ukweli wa kiufundi ambao watangazaji wa huduma hizi hawautaji. Mwenye pochi hawezi kukataa fedha zinazotumwa kwenye anwani yake. Yeyote anayeijua anaweza kutuma kiasi kidogo chenye doa, na anwani ya mtu asiye na hatia ikaonekana imeguswa na uhalifu. Kwa sababu hiyo, ukaguzi wenye maana ni ule unaofanywa kabla ya anwani kutolewa na kabla ya makubaliano. Unaofanywa baada ya fedha kuingia humwambia mtu kilichokwisha kutokea tu.

Mahali ambapo thamani yake ni kubwa

Haya yote hayamaanishi kwamba huduma za ukaguzi hazina thamani. Thamani yake ni kubwa kwa taasisi, na kwa nchi.

Tanzania iliwekwa katika orodha ya nchi zilizo chini ya uangalizi wa Kikosi Kazi cha Kimataifa cha Kupambana na Fedha Haramu (FATF) mwezi Oktoba 2022, na ikaondolewa mwezi Juni 2025 baada ya kutekeleza mpango kazi uliokubaliwa. Kuwa katika orodha hiyo kuna gharama inayofika hadi kwa mwananchi: benki za nje huuliza maswali zaidi, malipo ya muagizaji huchelewa na masharti ya mikopo huongezeka. Tangu mwaka 2019 viwango vya FATF vinazitaka nchi kudhibiti au kupiga marufuku watoa huduma za mali za kidijitali, na pale wanaporuhusiwa, kuhakikisha wanatambua wateja na kuambatanisha taarifa za mtumaji na mpokeaji katika miamala inayozidi dola 1,000.

Nchi jirani zimechukua njia tofauti. Benki Kuu ya Uganda, mwezi Aprili 2022, iliwakataza watoa huduma za malipo iliowapa leseni kuwezesha ubadilishaji wa sarafu mtandao. Kenya, iliyowekwa katika orodha ya uangalizi ya FATF mwezi Februari 2024, ilipitisha sheria ya watoa huduma za mali za kidijitali ambayo ilisainiwa na Rais William Ruto mwezi Oktoba 2025, ikizipa Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji ya nchi hiyo jukumu la usimamizi. Pale penye leseni, ukaguzi wa miamala huwa wajibu wa taasisi na gharama yake hubebwa na biashara. Hapo ndipo huduma hizo hufanya kazi iliyokusudiwa.

Nchini Tanzania, Sheria ya Kudhibiti Utakatishaji wa Fedha Haramu, Sura ya 423, inazitaka taasisi zilizotajwa kutoa taarifa za miamala yenye shaka kwa Kitengo cha Kudhibiti Fedha Haramu. Benki au kampuni ya fedha kwa simu inayoona mteja akipokea shilingi kutoka kwa makumi ya watu wasiohusiana na kuzitoa mara moja tayari ina dalili mkononi, hata bila kuona anwani ya sarafu mtandao. Uchambuzi wa daftari la wazi unaweza kukamilisha picha hiyo, na uwezo huo katika vyombo vya uchunguzi ni uwekezaji unaomlinda hata yule ambaye hajawahi kumiliki sarafu hizo.

Suala la faragha nalo lina uzito wake. Kila anayeingiza anwani katika huduma ya ukaguzi huiambia kampuni hiyo kwamba ana uhusiano na anwani hiyo. Ikiwa amejisajili kwa jina na namba ya simu, taarifa hizo huenda nje ya nchi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inampa mwananchi haki juu ya taarifa zake, lakini kuzidai kutoka kampuni isiyo na ofisi nchini ni kazi ngumu.

Linaloanza kukaguliwa

Kwa mkazi wa Kihonda au wa eneo lingine lolote anayeshawishiwa kuingiza akiba yake katika muamala wa namna hii, utaratibu wa maswali una thamani kuliko alama. Swali la kwanza ni la sheria: je, jambo linalofanywa linaruhusiwa, na anayelitangaza ana leseni ya mamlaka gani? Jibu lake linapatikana bila malipo kwa kuuliza Benki Kuu au Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. La pili ni la mtu: ni nani upande wa pili, na kama akitoweka atapatikana wapi? La tatu ni la malipo: salio limethibitishwa katika akaunti yenyewe, au ni ujumbe tu uliooneshwa? Swali kuhusu historia ya anwani linakuja la nne, na mara nyingi tatu za kwanza zikijibiwa kwa ukweli, muamala hausogei hadi hapo.

Aliyekwisha kupata hasara anashauriwa kutofuta chochote. Namba ya utambulisho wa muamala, anwani zilizotumika, namba za simu, jumbe na saa ya kila tukio ni ushahidi unaoweza kutumika chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Taarifa zitolewe kituo cha polisi kilicho karibu, na jumbe za kitapeli zitumwe kwenye namba 15040. Anayejitokeza baadaye akidai kwamba anaweza kurejesha fedha zilizopotea kwa malipo ya awali aepukwe, kwa kuwa hiyo ni njia inayotumiwa kumwibia mtu mara ya pili.

Daftari la sarafu mtandao halifutiki, na kwa mchunguzi mwenye vifaa hilo ni faida. Kwa mwenye akiba ya shilingi 500,000, lina maana moja iliyo nyepesi: kosa litakaloandikwa humo leo litabaki humo, na ada ya ukaguzi iliyolipwa haitakuwa sababu ya kurudishiwa fedha zake.